Mali ya nusu njia: namna ya kuhesabu simenti, tofali na shaba kabla hazijamalizika

Katika kiwanda cha simenti kuna kitu chenye si jiwe tena, na si simenti bado. Wanakiita klinka. Jiwe la chokaa na udongo vinasagwa pamoja, vinaingia katika tanuru lenye joto la karibu digri 1.450, na upande wa pili vinatoka vijiwe vyeusi-vyeusi, vigumu, vya ukubwa wa changarawe. Ukitaka simenti, inabaki kazi moja: kusaga vijiwe vile pamoja na jasi kidogo, lile jiwe jeupe laini lenye linafanya simenti isigande mbio-mbio. Kusaga kukifanyika leo, kesho mfuko uko depo. Kusipofanyika, klinka inabaki lundo, wiki, mwezi, hata msimu muzima.

Watu wa Lubudi wanajua maneno haya kuliko watu wengi wa Kongo. Mji wao ulikua kando ya kiwanda cha simenti, CIMENKAT, chenye historia yake inaanza miaka ya 1920, kwenye njia ya treni yenye inatoka Tenke kwenda Kamina. Jiwe la chokaa lilikuwa pale, reli ilikuwa pale, na migodi ya Katanga ilikuwa na njaa ya simenti. Katika 2010 kampuni ya Ujerumani HeidelbergCement ilinunua sehemu kubwa ya kazi za simenti za kikundi cha Forrest katika Kongo, na CIMENKAT ilikuwa ndani.

Sasa, swali lenye linasumbua kila kontabli wa kiwanda cha namna ile: tarehe 31 desemba, wakati vitabu vinafungwa, lundo la klinka liko uwanjani. Ni mali ya feza ngapi? Bei ya simenti haiwezi kuwa, maana hakuna mtu anajenga nyumba na klinka. Bei ya jiwe la chokaa nayo haiwezi kuwa, maana makaa yamekwisha kuchomwa, umeme umekwisha kulipwa, wafanyakazi wamekwisha kupokea mushahara wao wa miezi yote ile. Jibu liko katikati, na kulitafuta ndiyo kazi yote ya kontabilite ya mali ya nusu njia.

Wengi wanafikiri ni mambo ya makampuni makubwa tu. Hapana. Fundi mbao mwenye ana viti sita bila migongo, muchomelea-vyuma mwenye ana mlango wa chuma bila rangi, bulangeri yenye unga umekwisha kukandwa saa ya kufunga mwezi, wote wana mali ya nusu njia. Tofauti ni kwamba mampa ya bulangeri itamalizika kesho asubui, na hesabu yake ya usiku mmoja haina maana kubwa. Kitu kikikaa siku nyingi katikati ya kazi, hapo ndipo makosa yanazaliwa.

Tofali elfu makumi mbili

Chukua kikundi cha vijana wenye wanafyatua matofali ya kuchoma, kazi yenye inaonekana kandokando ya kila mji wa Lualaba wakati wa kiangazi. Mfano huu ni wa kufundishia, lakini mwendo wake ni wa kweli. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi hawana kitu. Mwezi ule wanafyatua matofali 20.000. Ikifika tarehe 31, matofali 12.000 yamekwisha kuchomwa na yako tayari. Matofali 8.000 yamekauka, yamepangwa, lakini moto hayajaona.

Feza yenye ilitoka ni hii. Udongo, maji na majani ya kufunika: franka 400.000. Kazi ya mikono: franka 800.000. Kuni za tanuru: franka 600.000. Jumla 1.800.000. Katika ule mwezi waliuza matofali 9.000, kila moja franka 200, wakapata 1.800.000.

Muweka-sanduku anafungua daftari: zilizoingia 1.800.000, zilizotoka 1.800.000. Faida sifuri. Mara moja maneno yanaanza: nani alikula? Kumbe hakuna aliyekula. Faida imelala pale uwanjani, katika matofali yenyewe.

Kontabli anafanya hivi. Udongo na maji viliingia katika kila tofali tangu mwanzo, hata lile ambalo halijachomwa. Basi 400.000 inagawanywa kwa 20.000: franka 20 kila tofali. Kazi ya mikono ni jambo lingine. Tofali lililokauka limekwisha kupokea karibu nusu ya kazi: kuchimba, kukanda, kufyatua, kugeuza. Inabaki kubeba, kupanga tanuru, kulinda moto, kushusha. Kwa hesabu ya kazi, matofali 8.000 ya nusu njia ni sawa na matofali 4.000 yaliyomalizika. Ukiongeza yale 12.000, unapata 16.000. Na 800.000 kwa 16.000 ni franka 50. Kuni? Kuni ziliingia tu katika yale yaliyochomwa: 600.000 kwa 12.000, tena franka 50.

Tofali lililochomwa limegharimu 20, na 50, na 50: franka 120. Tofali bichi limegharimu 20, na 25: franka 45. Zidisha: 12.000 mara 120 ni 1.440.000, 8.000 mara 45 ni 360.000. Ukijumlisha unarudi palepale kwenye 1.800.000. Hesabu imefunga, hakuna franka iliyopotea njiani.

Matofali 9.000 yaliyouzwa yaligharimu 1.080.000. Waliuza 1.800.000. Faida ya kweli ni 720.000. Nusu yake iko katika matofali 3.000 ya tayari yenye hayajauzwa, nusu nyingine katika yale mabichi 8.000.

Hesabu hii ya «matofali 8.000 yaliyo sawa na 4.000» ndiyo roho ya jambo. Waalimu wa kontabilite wanaiita hesabu ya vitengo sawia: vitu vya nusu vinageuzwa kuwa vitu vizima, ili feza iweze kugawanywa kwa haki. Na angalia kwamba haikutumika asilimia moja kwa kila kitu. Udongo ulihesabiwa mia kwa mia, kazi hamsini kwa mia, kuni sifuri. Mtu mwenye anasema tu «matofali yamefika nusu» na kukata gharama yote kwa nusu, anakosa pande mbili kwa mara moja: udongo na kuni.

Kosa la kinyume ni baya zaidi. Tuseme mwenye kuhesabu anaona matofali ni matofali, anaweka yote kwa franka 120. Yale mabichi 8.000 yanakuwa mali ya 960.000 kwenye karatasi. Faida inapanda kutoka 720.000 kufika 1.320.000. Watu wanafurahi, wanagawanya. Wakati wa kununua kuni za kuchoma yale 8.000, sanduku ni tupu. Kiisha mvua inakuja, na katika Katanga mvua haingoji mtu amalize hesabu.

Mvua ikivunja matofali 2.000, hasara ni 2.000 mara 45, ni kusema franka 90.000, na inaandikwa kama hasara ya ule mwezi. Haipakwi juu ya matofali 6.000 yaliyobaki kwa kusema kwamba sasa kila moja linagharimu 60. Yale machache yenye yanapasuka kila siku, hata kazi ikifanywa vizuri, ni sehemu ya gharama ya kawaida, na mazima yanabeba gharama yake. Lakini ajali si gharama ya kutengeneza. Ukiichanganya humo, mali yako inaonekana ya bei kali kwa sababu tu uliipoteza.

Sheria inasema nini

Kongo iliingia katika OHADA tarehe 12 septemba 2012, na makampuni yakaacha ule mpango wa zamani wa kontabilite wa 1976 ili kufuata mpango wa pamoja wenye unaitwa SYSCOHADA. Mpango ule ulirekebishwa kwa sheria iliyopitishwa Brazzaville tarehe 26 januari 2017, na ulianza kutumika kwa vitabu vya kila kampuni tangu tarehe 1 januari 2018. Kontabli wa Kolwezi, wa Likasi, wa Douala ao wa Abidjan, wote wanafungua hesabu zenye namba moja.

Mali ya depo iko katika klasi ya 3. Namba 32 ni vitu vya kutengenezea: jiwe, udongo, chuma chakavu, unga. Namba 36 ni vitu vilivyomalizika. Katikati kuna namba mbili zenye watu wanachanganya kila mwaka. 34 ni kitu chenye kiko ndani ya kazi yenyewe: unga wa jiwe ndani ya tanuru, mkate ndani ya furu, mlango juu ya meza ya kuchomelea. 37 ni kitu chenye kimemaliza hatua moja na kinangoja hatua nyingine: kinaweza kuwekwa, kupimwa, hata kuuzwa kwa kiwanda kingine. Klinka iliyopoa na kulala uwanjani inaingia 37. Klinka yenye bado inazunguka ndani ya tanuru, 34. Matofali mabichi ya wale vijana yangekuwa 34 ao 37? Wengi wangesema 34, maana hakuna soko la tofali bichi. Fasi zenye kuna soko, jibu linaweza kubadilika.

Kuna pia namba 38, yenye inafanana kwa sikio lakini si jamaa: mali iliyo barabarani. Kamyo yenye imekwama Kasumbalesa wiki mbili, behewa lenye linangoja kichwa cha treni, mzigo ule haukosi kazi. Umekosa tu kufika. Kuuita «nusu njia» kwa maana ya kiwanda ni kosa.

Wakati stoku ya kiwandani inapanda ao kushuka, tofauti inapita katika namba 73 ya hesabu za mwaka. Ikipanda, inahesabiwa kama pato, hata kama hakuna franka iliyoingia. Ndiyo sababu ukaguzi wa kodi unapenda kusimama pale. Mwenye kampuni anayetaka kulipa kodi ndogo anapunguza lundo kwenye karatasi. Mwenye anatafuta mkopo wa banki ao mtu wa kununua hisa, analikuza. Lundo ni lilelile, uwanja ni uleule.

Kwa kutoa mali depo, SYSCOHADA inakubali njia mbili: bei ya wastani, ao kilichoingia kwanza kutoka kwanza. Ile ya kutoa kwanza kilichoingia mwisho haikubaliwi. Wadogo sana wana mfumo wao wa sanduku, unaoruhusiwa kwa fundi ao mtengenezaji mwenye mauzo yake ya mwaka hayapiti thamani ya franka CFA milioni 40. Ni daftari la kuingia na kutoka. Lakini hata pale, mwisho wa mwaka stoku inahesabiwa na kuandikwa, na kwa kweli wengi wanaruka hatua hiyo.

Na juu ya yote kuna kanuni moja yenye inashinda nyingine: stoku haiandikwi kwa kiasi kinachopita kile itakacholeta. Unachukua bei ya kuuza, unatoa gharama ya kumalizia na ya kuuza, na kama kinachobaki ni kidogo kuliko ulichotumia, unashusha na kuweka tofauti katika namba 39. Kwa simenti ya Katanga hili si neno la kitabu tu. Simenti ya Zambia inaingia kupitia Kasumbalesa, na bei yake ndiyo yenye inasema kama klinka ya hapa inastahili kilichotumiwa kuitengeneza. Kiwanda kinaweza kufanya kazi yake vizuri kabisa, na bado lundo lake likapoteza thamani kwa sababu ya bei yenye imepangwa ngambo ya mpaka.

Tanuru likisimama

Kuna gharama zenye hazilali hata tanuru likilala: walinzi, fundi mkuu, mkopo wa mashine, kuchakaa kwa mashine yenyewe. Kiwanda kikifanya kazi mwaka muzima, gharama ile inagawanywa kwa tani nyingi na kila tani inabeba kidogo. Kikifanya miezi mitano kwa sababu umeme umekatika ao behewa hazikufika, je, ile gharama yote ibebwe na tani chache zilizotoka?

SYSCOHADA inasema hapana, na kanuni za kimataifa za stoku, IAS 2, zinasema vilevile. Tani inabeba tu sehemu yenye ingebeba kama kiwanda kingefanya kazi kwa kadiri yake ya kawaida. Sehemu iliyobaki ni gharama ya kukaa bure, na inaingia moja kwa moja katika hasara ya mwaka.

Kwa mfano, gharama zisizolala ni dolari milioni 1 kwa mwaka, kiwanda kwa kawaida kinatoa tani 100.000 za klinka. Kila tani inabeba dolari 10. Mwaka mbaya wanatoa tani 40.000 tu. Tani hizo zinabeba 400.000, na dolari 600.000 zinaandikwa kama hasara ya kusimama. Mwenye kufanya hesabu bila kanuni hii angepakia dolari 25 juu ya kila tani, kisha angetangaza kwamba stoku yake imepanda thamani. Kadiri kiwanda kinavyofanya vibaya, ndivyo lundo linavyoonekana tajiri! Katika jimbo lenye umeme unakosekana mara kwa mara, hii ndiyo kanuni ya kwanza yenye mkaguzi angepaswa kuuliza, mbele ya ile ya kuhesabu mifuko.

Kupima lundo

Mifuko inahesabika. Lundo halihesabiki. Linapimwa na wapimaji wa ardhi, leo mara nyingi kwa ndege ndogo zisizo na rubani, wanapata ukubwa wake kwa meta kubiki, kisha wanazidisha kwa uzito wa meta kubiki moja. Hapo ndipo mlango wa makosa. Lundo la meta kubiki 10.000, ukisema kila moja inapima tani 1,4, ni tani 14.000. Ukisema 1,3, ni tani 13.000. Tani elfu moja zimekufa kwa tofauti ya kidole. Kama tani moja imegharimu dolari 50, ni dolari 50.000, na hakuna mtu aliyeiba.

Kwa shaba ni vigumu zaidi, kwa sababu sehemu ya mali haionekani. Fungurume iko katika teritware hiihii ya Lubudi, na pale Tenke Fungurume Mining ilitoa katode zake za kwanza mwezi wa tatu 2009. Kampuni ilikuwa wakati ule chini ya Freeport-McMoRan ya Marekani. Mwaka 2016 CMOC ya China ilinunua sehemu ile. Jiwe linasagwa, linaingia katika matanki yenye asidi ya sulfure, shaba inayeyuka, maji yale yanasafishwa, kisha umeme unairudisha kuwa chuma juu ya sahani. Sahani inakaa ndani ya maji kwa karibu wiki moja hivi. Saa yoyote ukisimamisha saa, kuna shaba katika jiwe lililovunjwa, shaba katika matope, shaba katika maji ya kijani, na shaba nusu-unene kwenye sahani. Zote ni nusu njia. Maji yale wanayapima kwa gramu ngapi kwa lita, mara lita ngapi katika tanki.

Kisha kuna malundo ya jiwe lenye madini kidogo, lenye linawekwa kando kwa miaka. Freeport ilikuwa inagawanya malundo yake kwenye vitabu vya kila mwaka: yale ya kutumiwa ndani ya miezi kumi na mbili, na yale ya kukaa muda mrefu. Ni ungamo zuri, kwa kweli: kampuni inamwambia msomaji wa vitabu kwamba sehemu ya mali hii hataiona karibuni.

Kobalti inaleta fundo lake pekee. Inatoka katika jiwe moja na shaba, kwa gharama moja ya kuchimba na kusaga. Hakuna anayeweza kusema ni lita gani ya mafuta ilichimba kobalti na ni ipi ilichimba shaba. Gharama ya pamoja inagawanywa kwa kipimo chenye kampuni imechagua, mara nyingi thamani ya mauzo ya kila moja, na kipimo kikibadilika, mali ya nusu njia inahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila jiwe hata moja kusogea.

Nani analipwa, na wakati gani

Hapa mambo yanawagusa watu wenye hawajawahi kufungua kitabu cha kontabilite. Kodi ya madini, ile redevance, chini ya sheria ya tarehe 9 machi 2018 inadaiwa wakati mzigo unatoka kwenye fasi ya kuchimba ao kwenye kiwanda cha kusafisha ili kusafirishwa. Shaba inalipa 3,5 kwa mia, kobalti, tangu ilipotangazwa kuwa madini ya mkakati mwishoni mwa 2018, inalipa 10 kwa mia. Katika kila dolari 100 za redevance, 50 ni za serkali kuu, 25 za jimbo, 15 za sekta, usultani ao komine yenye mgodi uko ndani, na 10 za mfuko wa vizazi vijavyo, FOMIN.

Maana yake: shaba iliyo ndani ya matanki haijalipa bado. Katode iliyopangwa uwanjani haijalipa bado. Kwa vitabu vya kampuni ni mali, inaonekana kati ya utajiri wake, banki inaweza kuikopesha juu yake. Kwa komine ni sifuri. Mambo ya 0,3 kwa mia nayo yanafuata njia hiyohiyo, kwa sababu ile feza ya maendeleo ya jamii, yenye inasimamiwa na shirika la DOT, inahesabiwa juu ya mauzo ya mwaka. Kitu kisichouzwa hakiko ndani.

Wakaaji wa Fungurume waliona jambo hilo kwa macho. Toka mwezi wa saba 2022, katika mabishano kati ya CMOC na Gécamines, mzigo wa Tenke Fungurume ulizuiwa kutoka nchini. Kiwanda hakikusimama. Kiliendelea kutoa, na mali ikaendelea kupangwa, hadi mapatano ya mwezi wa ine 2023. Miezi yote ile kampuni ilikuwa na stoku kubwa, na wenye kungoja sehemu yao walikuwa na mikono mitupu.

Tarehe 22 februari 2025 jambo la namna ile liligusa kobalti ya nchi nzima. Kwa uamuzi wa ARECOMS, mamlaka yenye inasimamia soko la madini ya mkakati, kutoa kobalti nje kulisimamishwa kwa miezi mine, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka chini sana. Mwezi wa sita wakaongeza miezi mitatu. Kisha, toka tarehe 16 oktoba 2025, ikawa kiasi maalum kwa kila kampuni: tani 18.125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka, na tani 96.600 kwa 2026, vilevile kwa 2027.

Kobalti yenye inatoka Lualaba kwa wingi si chuma bado. Ni hidroksidi, unga wenye maji-maji katika mifuko mikubwa, wenye viwanda vya China vinamalizia. Kwa kampuni ya hapa ni kitu kilichomalizika, namba 36, kwa sababu ndicho inachouza. Kwa mnunuzi ni kitu cha kutengenezea. Mfuko mmoja, majina mawili, na sehemu kubwa ya thamani inaongezwa baada ya jina kubadilika.

Wakati mifuko ile ilikuwa imefungwa depo, bei ya dunia ilipanda sana. Vitabu havikupanda nayo. Stoku inabaki kwa gharama ya kuitengeneza hata kama soko linatoa mara mbili; faida inaandikwa siku ya kuuza, si mbele. Redevance nayo inangoja mlango ufunguke, kwa bei ya siku ya kutoka. Kwa hiyo kobalti yenye ilitengenezwa mwezi wa tatu 2025 na kubaki depo hadi mwaka uliofuata inaingia katika hesabu ya 2025 kama stoku, kwa gharama yake, na katika hesabu ya komine kama kitu cha mwaka wenye kamyo inapita kizuizi.